Amplifaya ya Mahubiri

Miyuji, Dodoma
22 Februari 1993

Dada Evelina,

Shikamoo.

Nadai, na nitalitetea dai hili mbele ya mtu yeyote, kwamba amplifaya inayofaa kuliko zote kwa muziki wa mawimbi katika mkoa huu si ile ndogo ya gitaa inayong'aa mnadani, pamoja na vyombo vingine vya bendi ya shirika lililovunjwa. Inayofaa ni lile dubwana la valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, la mahubiri ya nje, ambalo uliniambia Krismasi kwamba limelala katika ghala la kanisa huko Mpwapwa, kuku wakitaga juu yake.

Najua umekwisha kucheka. Maliza kucheka, kisha usome hoja zangu.

Anza na muziki wenyewe. Kanda niliyokusikilizisha, ile aliyoiacha mwalimu wa kujitolea aliporudi kwao, haina mwimbaji hata mmoja. Gitaa ndilo linaloimba. Nyuzi zinachapwa harakaharaka, na kila noti inatoka imelowa mwangwi, kana kwamba mpigaji amejifungia ndani ya tangi la maji. Waliouanzisha walikuwa vijana wa pwani za mbali waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao, wakataka gitaa liwafanyie yale ambayo bahari ilikuwa ikiwafanyia. Fredy, mpiga besi wetu, anasema ni wazimu kupiga mawimbi katika mji ambao maji ya bomba hutoka kwa zamu. Nilimjibu kwamba redio hupiga nyimbo za mapenzi kila siku kwa watu wasiopendwa na yeyote, na hakuna anayelalamika.

Sasa mashine. Muziki huu unataka sauti kubwa ambayo ni safi. Ile ndogo ya mnadani ina valvu mbili nyembamba. Ukiifungulia mpaka ukumbi mzima usikie, inaanza kukwaruza, na noti zinashikana kama mlenda. Dubwana la mahubiri lilitengenezwa kwa kazi moja tu: kumfikisha mhubiri kwa watu elfu mbili uwanjani, kila neno likiwa na ncha zake. Valvu nne nene, transfoma mbili nzito. Aliyelibuni hakuwa akifikiria gitaa hata kidogo, na ndiyo maana linafaa.

Unajiuliza kwa nini nina haraka. Mama Generosa, mwenye ukumbi mpya wa Chang'ombe, anataka kumpa Jumamosi zote mpiga kinanda mmoja aitwaye Zaidi. Zaidi ameleta kinanda kutoka Dubai chenye ngoma, besi na tarumbeta ndani yake, na yeye hubonyeza kitufe akaenda kunywa soda. Juzi aliniuliza mbele za watu, "Msomi, digrii yako ina vitufe vingapi?" Wakacheka. Nikasimama nikasema: nipewe Jumamosi moja, tarehe 24 Aprili. Nikishindwa kuusimamisha ukumbi kwa gitaa lisilo na mwimbaji, namkabidhi Zaidi gitaa langu palepale, na sitashika jingine maisha yangu yote. Neno hilo nimelitoa nikiwa sijalewa.

Kwa hiyo nenda ghalani, dada. Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyesomea valvu chuoni kabla hazijatupwa.

Mdogo wako,
Thobias Ndahani


Mpwapwa
3 Machi 1993

Thobi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Nilikwenda ghalani na Mzee Bartolomayo anayetunza funguo. Nikamwonyesha amplifaya, nikamweleza shida yako. "Mnataka kuchukua sauti ya Injili mkaipigie dansi?" akauliza.

"Babu, sauti ilikuwa ya mhubiri. Hii ni sanduku tu."

"Hata yeye mhubiri alikuwa sanduku tu," akasema. Kisha: "Ichukueni. Lakini huyu kuku mtamtafutia pa kutagia."

Nimempa kuku karai langu la kufulia. Wazee wa kanisa nao wameridhia kwa sharti moja, kwamba ile yao mpya ya transista ikiharibika niitengeneze bila kuwazungusha. Imeharibika mara mbili tangu Januari, kwa hiyo usidhani umepewa bure.

Habari ya mgonjwa ndiyo hii. Valvu tatu nzima, moja imekufa, na ninayo ya kuweka mahali pake. Transfoma ni nzima kabisa, ukizigonga zinakujibu kama jiwe. Kapasita za karatasi, zile za kuhifadhi umeme, zimevuja zote, nitabadilisha. Ina uzito wa mbuzi aliyeshiba. Na ndani yake kuna volti mia nne na hamsini, Thobi, ambazo hubaki hata ukichomoa waya ukutani. Hakuna kuchokoachokoa.

Nakubaliana nawe kuhusu kuchagua. Nimekaa siku mbili nikitafuta pa kukupinga na sikupaona, jambo lililoniudhi. Lakini hii haina mahali pa gitaa, haina spika, na haina mwangwi. Hayo umeyafikiria, au umeishia kwenye hotuba?

Dada yako,
Evelina


Miyuji
12 Machi 1993

Dada mpendwa,

Shikamoo. Umekubali! Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya Fredy, naye akaomba aione kwa macho yake.

Spika nimezipata: mbili, za inchi kumi na mbili, zilizong'olewa kutoka gari la sinema la vijijini lililouzwa vipandevipande kwenye mnada uleule. Niliziunga kwenye redio ya Fredy na mama mwenye nyumba akatoka nje kuangalia mkutano uko wapi.

Yafuatayo ndiyo maelekezo yangu ya marekebisho, na nakuomba uyafuate kama yalivyo, maana nimeyafanyia utafiti wa wiki mbili maktaba. Tundu la maikrofoni ligeuzwe liwe la gitaa. Sauti za juu ziongezwe, kwa kuwa gitaa la mawimbi lazima lichome kidogo. Mwangwi tutautengeneza wenyewe: uchukue uzi mwembamba wa gitaa, uuzungushe kwenye spoku ya baiskeli mpaka uwe springi ndefu, uzifanye mbili. Upande mmoja wa springi ukae kisikilizio cha simu ya zamani kinachozitikisa, upande wa pili kingine kinachopokea mtikisiko. Sauti ikipita humo inachelewa, inarudi, inalowa. Sanduku la springi ulifunge kwa boliti nne kwenye sakafu ya kabati la amplifaya, imara, lisicheze hata unywele.

Na la mwisho, ambalo ndilo moyo wa kazi yangu. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye spika na kurudi mwanzoni mwa mashine. Ukate. Nimesoma katika jarida moja la ng'ambo kwamba wapiga gitaa hodari huukata ili mashine iachiliwe huru ipige kwa nguvu zake zote. Nimeuita waya huo hatamu. Sitaki hatamu.

Wako katika sayansi,
Thobias


Mpwapwa
25 Machi 1993

Thobi,

Marahaba. Spika zimefika kwa basi, moja ikiwa imekaliwa na mtu mzito, lakini ni nzima. Springi nimezizungusha. Nilitumia spoku ya baiskeli ya kaka wa jirani, naye bado anatafuta kwa nini gurudumu lake linayumba.

Sasa unisikilize mara moja tu. Ule waya ni wa bluu, na kazi yake naijua. Unachukua tone la sauti iliyokwisha kutoka na kulirudisha mwanzo, ili mashine isikie inachosema na ijisahihishe. Huo ndio unaoiweka safi. Hao wa jarida lako wanaukata kwa sababu wanapenda sauti iliyokwaruza. Wewe uliniandikia kurasa mbili kwamba hutaki mkwaruzo. Huwezi kutaka yote mawili.

Na boliti nne kwenye sakafu ya kabati? Kabati litakaa jukwaani, jukwaa la Mama Generosa ni la mbao, na watu wetu wakifurahi hawachezi kwa kiuno peke yake, wanakanyaga. Kila mguu utaingia kwenye springi.

Fikiri.

Evelina


Miyuji
1 Aprili 1993

Dada Evelina,

Shikamoo. Nimefikiri, na msimamo wangu haukuyumba.

Unalinganisha uzoefu wa karakana na utafiti uliochapishwa. Nauheshimu uzoefu wako, lakini uzoefu humwambia mtu kilichokuwa kikifanyika, haumwambii kinachowezekana. Waandishi wa jarida lile wametengeneza mamia ya mashine. Kuhusu boliti, kitu kilichofungwa imara hakitikisiki. Hilo halihitaji hata digrii.

Zimebaki siku ishirini na tatu. Zaidi amekwisha kutangaza kwamba gitaa langu atalitundika juu ya kinanda chake kama pembe za nyati. Nakuomba sasa tuache mjadala. Mimi nitabeba lawama yote kama nimekosea, wewe tekeleza.

Thobias


Mpwapwa
19 Aprili 1993

Thobi,

Amplifaya nimempa kondakta wa basi la saa mbili asubuhi. Amekubali kuiweka kiti cha mbele kama abiria, baada ya kujaribu kuiinua peke yake.

Ndani ya bahasha kuna hati ya kazi, kama tunavyofanya hapa karakana. Nimeandika: Imetekelezwa kama ilivyoelekezwa. Nimetia sahihi na tarehe.

Kifuniko cha nyuma nimekifunga kwa skrubu kumi na mbili na kupaka rangi juu ya vichwa vyake. Usikifungue kwa sababu yoyote. Nakuambia kwa ajili ya uhai wako.

Washa, subiri dakika mbili valvu zipate moto, ndipo upige. Nakuombea.

Evelina


Miyuji
26 Aprili 1993

Dada! Dada Evelina!

Shikamoo mara mia!

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na noti ya kwanza. Niliwasha nyuma ya pazia, nikahesabu dakika mbili kama ulivyoagiza, valvu zikawa nyekundu kama makaa ya jikoni. Fredy akanikonyeza. Nikapiga uzi mnene wa chini, mara moja. Dada, ile noti ilitoka ikiwa safi kama sahani iliyooshwa sasa hivi, ikaenda mpaka ukuta wa mwisho, ikarudi imelowa chapachapa! Watu waligeuka kutazama nyuma yao. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Nani kamwaga maji?"

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Niliongeza sauti mpaka nusu, haikukwaruza. Nikaongeza tena, haikukwaruza! Niliyapiga yale mapigo ya haraka mpaka kijiti cha kupigia nyuzi kikavunjika, nikaendelea kwa kucha. Wimbo wa tatu ukumbi mzima ulikuwa umesimama, makarani wa wizara na mikoba yao, wanafunzi, akina mama wa soko la zabibu, na mzee mmoja wa Mvumi aliyevua koti akaanza kutikisa mabega kwa mtindo wa nindo, ngoma ya Kigogo, akitafuta mapigo yake ndani ya mapigo yangu. Akayapata! Wakamzunguka, wakaanza kukanyaga. Mbao za jukwaa zilikuwa zikiruka, dada, stendi ya maikrofoni ilianguka, na springi hazikutoa hata mguno. Nilikumbuka ulivyonionya, nikacheka peke yangu. Boliti nne!

Zaidi alikuja mbele tulipopumzika. Akasimama akiitazama amplifaya. "Hili jini mmelitoa wapi?"

"Kwenye banda la kuku," Fredy akasema.

"Nauliza kwa heshima, mnanitukana."

Mama Generosa akaingia kati. "Jumamosi ni za hawa vijana. Zaidi, wewe utanipigia Alhamisi. Na wewe msomi, punguza kidogo, bilauri zangu zinatembea mezani zenyewe."

Gitaa langu liko ukutani kwangu, si kwake. Na sasa nasema hadharani nilichokuwa nikikisema faraghani. Nimeandika makala ndefu kwa gazeti letu la hapa la kila wiki, Mwanga wa Kati, ambalo Luka, mhariri wake, anasema lina kiu ya mambo ya sayansi. Nimeeleza jinsi ya kuchagua amplifaya, kukata hatamu, kuzungusha springi na kuzifunga kwa boliti, pamoja na mchoro. Jina langu kamili liko juu, na nimetaja kwamba kazi ya mikono ilifanywa na fundi mmoja wa Mpwapwa kwa maelekezo yangu. Itatoka Ijumaa hii.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na kipimo,
Thobias


Mpwapwa
3 Mei 1993

Thobi mdogo wangu,

Marahaba. Nililia kidogo kwa furaha, kisha nikaisoma tena ile sehemu ya yule mzee na mabega yake, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Makala hiyo, tafadhali, mwambie Luka aisimamishe. Angalau mchoro usitoke. Kuna jambo nataka tuzungumze ana kwa ana nikija Juni. Si jambo baya. Lakini mchoro usitoke.

Evelina


Miyuji
24 Mei 1993

Dada Evelina,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia makala ikiwa imekwisha kutoka, na nilidhani unaona haya kusifiwa. Sasa nakuhitaji kama shahidi.

Unamkumbuka Cornel, mpiga gitaa wa kwaya ya vijana hapa Chang'ombe. Naye alipata amplifaya ya mahubiri kutoka Kongwa. Anadai aliirekebisha neno kwa neno kama nilivyoandika, akakata hatamu, akafunga boliti nne. Jumamosi tarehe 15 alipewa kupiga kwenye harusi ya Dorkasi, binti wa mjomba wake. Akina mama walipoingia na zawadi wakikanyaga chini kwa furaha, kila hatua ilitoka kwenye spika kama radi. Alipojaribu kupiga, sauti ilikwaruza kama bati linaloburutwa, kisha mashine ikaanza kupiga mayowe yenyewe bila kuguswa na mtu. Bibi harusi aliziba masikio. Bwana harusi alikimbia kuzima umeme, akazima wa jengo zima, na wapishi jikoni wakamwaga pilau gizani. Ukoo mzima haumsemeshi Cornel.

Ijumaa alichapisha barua gazetini: "Ndugu Thobias Ndahani ama hajui alichokiandika, ama ametuficha alichokifanya. Kwa vyovyote amenifedhehesha mbele ya watu wangu." Nimejibu, na jibu litatoka Ijumaa hii. Nimeandika kwamba Ndugu Cornel hajui tofauti ya chuma cha kulehemu na kijiko cha uji.

Lakini Mama Generosa ameniita. "Msomi, mimi ni mfanyabiashara," alisema, "ukumbi wangu ukiitwa wa waongo nimekwisha." Luka akapendekeza, nami nikakubali kabla hajamaliza sentensi: Jumamosi tarehe 19 Juni amplifaya yangu ifunguliwe jukwaani, mbele ya watu wote, na ndani yake palinganishwe na mchoro wangu. Ikilingana, Cornel aniombe radhi gazetini. Isipolingana hata kwa waya mmoja, namkabidhi Cornel gitaa langu.

Sina wasiwasi wowote. Njoo na bisibisi yako, dada, wewe ndiye uliyeifunga. Uwaonyeshe.

Thobias


Mpwapwa
31 Mei 1993

Mdogo wangu,

Hailingani.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta namna nyingine ya kuanza, sijaipata. Waya wa bluu uko palepale. Sikuukata. Niliufanya ushike zaidi, nikabadilisha kikinza kimoja, kile kipande cha kubana umeme, ili mashine iwe safi kuliko ilivyokuwa kwa mhubiri mwenyewe. Na hakuna boliti hata moja. Sanduku la springi limening'inia ndani ya kabati kwa vipande vinne vya mpira wa ndani wa baiskeli, kama mtoto kwenye mbeleko, ndiyo maana mlikanyaga mpaka stendi ikaanguka na zenyewe zikalala. Rangi juu ya skrubu ilikuwa kwa ajili yako, usije ukaona.

Utauliza kwa nini. Nilikuambia mara moja, ukanijibu kwa jarida. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu na gitaa lako lilikuwa rehani kwa neno lako. Ningefanya ulichoagiza, ungelipoteza. Ningeendelea kubishana, tungefika Agosti.

Na kuna kitu kingine, ambacho nakiandika kwa aibu zaidi. Nilifanya hivyo bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kwenye kazi yangu ya kwanza nilikuwa na bwana mkubwa aliyekuwa akiniagiza mambo yasiyowezekana. Nikimpinga, alisema mwanamke ana mdomo. Nikajifunza. Nikawa nafanya kinachofaa, naandika kwenye hati "imetekelezwa kama ilivyoelekezwa", mashine inawaka, yeye anapongezwa, mimi naachwa nifanye kazi kwa amani. Miaka sita, Thobi. Sikudhani kama kuna mtu angeumia. Cornel sikumfikiria kabisa. Huyo kijana hakukosea hata waya mmoja.

Sasa sikia. Naweza kuja Ijumaa tarehe 18. Nitafungua, nitakata waya, nitatoa mipira, nitafunga boliti zako nne. Saa moja inatosha. Jumamosi watakapofungua wataona mchoro wako ulivyo, na gitaa litabaki kwako. Wao wamepanga kutazama, hakuna aliyesema itapigwa. Baada ya hapo nitarudishia nikija tena.

Hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili. Nijibu kwa basi la Jumatano.

Dada yako anayekupenda,
Evelina


BARUA YA WAZI KWA FUNDI EVELINA NDAHANI WA MPWAPWA
kupitia kwa Mhariri, Mwanga wa Kati

Miyuji
7 Juni 1993

Dada Evelina,

Shikamoo, mbele ya wasomaji wote.

Usije Ijumaa. Wasomaji hawajui ni kwa nini, kwa hiyo nawaambia. Makala niliyochapisha katika gazeti hili tarehe 30 Aprili ina mambo mawili ya uongo, nami niliyaamini yote mawili. Niliandika kwamba waya unaorudisha sauti mwanzo ulikatwa. Haukukatwa. Niliandika kwamba springi zilifungwa kwa boliti. Zimening'inizwa kwa mpira. Fundi alinionya kwa barua tarehe 25 Machi, barua ninayo, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba utafiti uliochapishwa ni mkubwa kuliko mikono yake. Alifanya alichokijua. Mimi nilisifiwa kwa nilichokipinga.

Ndugu Cornel alifuata maandishi yangu kwa uaminifu na akafedheheka kwa sababu hiyo. Nafuta kila neno nililoandika juu yake, pamoja na kijiko cha uji. Leo asubuhi nilimpelekea gitaa langu nyumbani kwao. Hakutaka kulipokea, tulivutana mlangoni mpaka mama yake akatoka na kutuuliza kama tumelewa. Amelipokea. Nimeshinda nyumbani mchana wote na vidole vyangu havijui pa kwenda, na hata hivyo, dada, nakuambia ukweli, nina hamu ya tarehe 19 kuliko nilivyokuwa na hamu ya ile 24 Aprili. Nataka kuuona waya huo! Nataka kuiona mipira! Nimekuwa nikipiga ndani ya kitu nisichokijua kwa wiki sita.

Kwa hiyo amplifaya itafunguliwa kama ilivyopangwa. Nimezungumza na Mama Generosa. Akasema, "Basi huyo dada ndiye ninayetaka jina lake kwenye bango." Kabla ya kuilinganisha na mchoro itapigwa, ikiwa imefunguliwa, watu wakikanyaga watakavyo, na mpigaji atakuwa Cornel.

Lakini usidhani nimenyenyekea kiasi cha kuacha kubishana. Kuchagua nilichagua mimi, na nilichagua sawa. Uliandika mwenyewe kwamba hukupaona pa kunipinga. Na hapa natoa dai jipya, ambalo nitalitetea kama lile la kwanza: kosa lako ni kubwa kuliko langu. Mimi nilikosea kwa kutojua, nikapiga kelele, na yeyote aliyenisikia angeweza kunipinga. Wewe ulijua, ukaweka sahihi chini ya uongo. Kama ungeniandikia "sikutekeleza, na sababu ni hizi," ningekasirika wiki moja, na harusi ya Dorkasi ingekuwa na muziki. Mabwana wakubwa wa nchi hii wanaendelea kuagiza upuuzi kwa sababu mafundi hodari wanauficha na kuwaacha wapongezwe. Ulijinunulia amani kwa miaka sita. Sisi wengine tulinunua nini?

Naweza kuwa nimekosea tena. Inawezekana kuna jambo ambalo mtu aliyesomea maktaba hawezi kuliona juu ya mwanamke mwenye bisibisi mbele ya bwana mwenye mdomo. Kama lipo, ni wewe wa kulisema, na si kwangu peke yangu kwa bahasha ya basi la Jumatano, maana nimekwisha kuona tunachokifanya mimi na wewe tukiandikiana faraghani.

Luka amenihakikishia nafasi katika toleo la tarehe 18, siku moja kabla ya ufunguzi, ukurasa huuhuu. Nadai unijibu hapa, hadharani: kwa nini uliandika kwamba umetekeleza? Na chini ya jibu hilo uweke jina lako kamili.

Thobias Ndahani